Ngano ya Marquis

1. Mkate wetu

Watu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kisangani wanapenda mkate asubuhi. Mama anamtuma mtoto dukani, mtoto anarudi na mkate, na watu wa nyumbani wanakunywa chai. Hostia za Misa nazo ni unga wa ngano na maji, hakuna kingine ndani. Lakini mashamba ya ngano katika Kongo ni machache. Ngano inapenda baridi. Kwa hiyo inalimwa huko juu milimani, kama kwa watu wa Lubero katika Kivu ya Kaskazini. Katika nchi za joto, ambapo michikichi inastawi, ngano haistawi. Basi, sehemu kubwa ya ngano tunayokula inaletwa kwa meli kutoka ng'ambo.

Kanada ni moja kati ya nchi zinazouza ngano nyingi duniani. Lakini mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Wakulima wa kwanza waliokwenda kupanda ngano katika nchi tambarare za magharibi walilima, wakapanda, wakangoja. Na mara nyingi usiku mmoja ulitosha kuharibu kazi ya mwaka mzima. Kilichowasaidia ni mbegu moja. Jina lake ni Marquis. Tusome habari zake.

2. Nchi yenye majira mafupi

Nchi ile ya magharibi ina majimbo matatu: Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Ni nchi pana, tambarare, yenye majani mengi na miti michache. Udongo wake ni mweusi na una rutuba. Mtu akiitazama wakati wa kiangazi atasema: «Hapa njaa haiwezi kufika.»

Ngoja kwanza! Tangu mwezi wa Novemba mpaka mwezi wa Machi theluji inafunika nchi. Baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri, na siku nyingine 40. Ardhi inakuwa ngumu kama jiwe. Katika Aprili theluji inayeyuka, na hapo tu jembe linaweza kuingia. Kisha jua linawaka siku ndefu, na mimea inakua haraka. Lakini mwanzo wa Septemba, na mara nyingine hata mwisho wa Agosti, baridi inaanza kurudi usiku. Mkulima anapewa siku 100 na zaidi kidogo. Akikosa kuvuna katika siku hizo, amekosa.

Adui anayekuja kwanza ni jalidi. Usiku hakuna mawingu, upepo umetulia, na baridi inashuka mpaka umande unaganda juu ya majani. Asubuhi shamba lote ni jeupe. Kama punje za ngano zimekwisha kuwa ngumu, jalidi haizidhuru sana. Lakini kama ndani yake bado kuna maziwa, punje zinasinyaa, zinabaki ndogo na nyembamba, na unga wake ni mbaya. Wanunuzi wanaikataa ngano hiyo, au wanatoa bei ya kulisha kuku. Mkulima alilala na shamba zuri, akaamka na deni.

Mtu atauliza: kwa nini wasipande mapema zaidi? Hawawezi, maana ardhi bado imeganda. Tena, kwa nini wasipande kabla ya baridi? Swali hili ni zuri, na jibu lake linatufundisha kitu.

Ngano ni za namna mbili. Ya kwanza inapandwa kabla ya majira ya baridi. Inaota, inalala chini ya theluji, na baridi ikiisha inaendelea kukua. Ngano hiyo haiwezi kutoa masuke kama haijapata baridi kwanza. Namna ya pili inapandwa baada ya baridi, theluji ikiisha kuyeyuka, na inatoa masuke katika kiangazi kilekile. Tunaiita ngano ya majira ya kuchipua. Katika nchi zile za Manitoba na Saskatchewan, baridi ilikuwa kali mno hata kwa ngano ya namna ya kwanza, ilikufa ardhini. Kwa hiyo wakulima wale walihitaji ngano ya namna ya pili, yenye kukomaa upesi.

3. Ngano ya mzee Fife

Mwaka wa 1842 mkulima mmoja, jina lake David Fife, alikaa Otonabee, katika jimbo la Ontario, upande wa mashariki wa Kanada. Alikuwa na rafiki katika mji wa Glasgow, huko Uskoti. Rafiki huyo alimpelekea mbegu kidogo za ngano zilizotolewa katika meli iliyotoka Danzig, bandari ya Bahari ya Baltiki. Leo mji huo unaitwa Gdańsk, nao ni wa nchi ya Polandi.

Fife alizipanda baada ya baridi. Kumbe, karibu zote zilikuwa za namna ile ya kwanza! Ziliota majani, hazikutoa masuke. Mmea mmoja tu ulizaa. Watu wa jamaa yake walisimulia kwamba ng'ombe alianza kuula mmea huo, na mke wa Fife akamfukuza kabla hajaumaliza. Masuke machache yaliyobaki yakawekwa, yakapandwa mwaka uliofuata, yakaongezeka. Hivyo ilitokea ngano iliyoitwa Red Fife, maana yake Fife nyekundu, kwa sababu punje zake ni za rangi nyekundu. Baadaye watu wenye elimu ya mimea waliona kwamba ni ileile iliyolimwa zamani katika nchi ya Galicia, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Ukraine.

Red Fife ilikuwa ngano nzuri sana. Unga wake ulifanya mkate mkubwa na laini, na wenye vinu walitoa bei nzuri. Wakulima waliohamia magharibi waliichukua. Lakini ilikuwa na kasoro moja: ilichelewa kukomaa. Mwaka wa kiangazi kirefu, walivuna sana. Mwaka wa jalidi ya mapema, walipoteza sana. Na hakuna aliyeweza kujua mwaka upi utakuja.

4. Kuunganisha mbegu mbili

Mwaka wa 1886 Serikali ya Kanada iliamua kuanzisha mashamba matano ya kujaribia mimea na mifugo. La katikati lilikuwa Ottawa, mji mkuu. Mengine yalikuwa Nappan, Brandon, Indian Head na Agassiz. Mkubwa wa mashamba hayo yote alikuwa William Saunders, mtu aliyeanza kazi yake kama mwuza dawa, lakini aliyependa sana mimea.

Saunders aliwaza hivi: «Red Fife ina unga mzuri, lakini inachelewa. Pengine iko ngano nyingine inayowahi. Tukiziunganisha, labda mtoto atachukua mema ya wazazi wawili.» Akaagiza mbegu kutoka nchi nyingi. Kati yake mlikuwa ngano moja ya India, iliyoitwa Hard Red Calcutta. Hiyo ilikomaa mapema sana, ila mavuno yake yalikuwa machache.

Namna gani watu wanaunganisha ngano mbili? Ua la ngano ni dogo, limefichwa ndani ya maganda ya suke. Ndani ya ua moja mna sehemu za kiume tatu, zenye vumbi la manjano linaloitwa chavua, na sehemu ya kike moja. Kwa kawaida chavua ya ua inaanguka juu ya sehemu ya kike ya ua lilelile. Kwa hiyo ngano inajizalisha yenyewe, na watoto wanafanana na mzazi. Mtu akitaka kuunganisha, anafungua maua kabla hayajakomaa, anaondoa sehemu za kiume kwa koleo ndogo, polepole asiumize kitu. Anafunika suke kwa karatasi. Baada ya siku chache analeta chavua ya ngano ya pili, anaiweka juu ya sehemu ya kike, anafunika tena. Punje zitakazozaliwa zina baba mmoja na mama mwingine.

Kazi hiyo ilifanywa Agassiz mwaka wa 1892, kwa mkono wa Percy Saunders, mtoto wa William. Red Fife na Hard Red Calcutta zikaunganishwa.

Lakini kazi haikuisha hapo. Wajukuu wa mbegu hizo hawakufanana. Wengine walikuwa warefu, wengine wafupi. Wengine waliwahi, wengine walichelewa. Wengine walikuwa na unga mzuri, wengine unga hafifu. Yote yalikuwa yamechanganyika katika shamba moja. Mema yalikuwamo, lakini nani atayatafuta?

5. Suke moja

Mwaka wa 1903 kazi ya ngano huko Ottawa ilipewa mtoto mwingine wa William Saunders, jina lake Charles. Alikuwa amesoma elimu ya kemia, na alipenda muziki kuliko mashamba. Alikuwa amefundisha watu kuimba. Lakini baba yake alijua kwamba ni mtu mwangalifu na mvumilivu.

Charles hakutaka kupima shamba zima kwa pamoja. Alisema kila suke lihesabiwe peke yake. Alipita kati ya mimea ile iliyochanganyika, akachagua masuke yaliyoonekana mema, akaandika kila moja katika daftari. Mwaka uliofuata mbegu za kila suke zilipandwa mahali pake, mbali na nyingine. Kwa kuwa ngano inajizalisha yenyewe, suke likiwa jema, watoto wake watakuwa wema.

Tena alitaka kujua unga wa kila suke. Lakini suke moja lina punje 30 au 40 tu. Huwezi kulisaga na kuoka mkate, maana hutabaki na mbegu. Basi Charles alitumia meno yake. Alichukua punje chache akazitafuna.

Ninyi pia mnaweza kufanya hivyo. Tafuneni punje chache za ngano, msizimeze. Baada ya dakika chache wanga unakwisha, na mdomoni kinabaki kitu kinachovutika kama ulimbo. Kitu hicho kinaitwa gluteni. Chachu ikitiwa katika unga uliokandwa, inatoa hewa nyingi, na gluteni inaishika hewa hiyo ndani kama mpira wa kuchezea unavyoshika pumzi. Ndiyo sababu mkate unavimba. Sasa tafuneni punje za muhindi: hakuna ulimbo. Ndiyo sababu bukari haivimbi, hata ukitia chachu namna gani.

Charles alitafuna punje za masuke mengi. Zile ambazo ulimbo wake ulivutika vizuri, aliziweka; zilizokatika, alizitupa. Kati ya zilizobaki ilikuwamo moja aliyoiita Marquis. Mwaka wa 1904 mimea yake yote ilikuwa 12 tu. Kama panya wangeila, au mvua ya mawe ingeipiga, ingekwisha hapo. Walivuna, wakapanda tena, wakavuna, wakapanda tena. Walipopata unga wa kutosha walioka mikate midogo, na mikate ilithibitisha yale ambayo meno yalikuwa yamesema.

Mwaka wa 1907 mbegu kilo 10 hivi zilipelekwa Indian Head, katikati ya nchi ya ngano. Mwaka huo ulikuwa mbaya, baridi ilikuja mapema. Marquis ilikuwa imekwisha kukomaa. Mwaka wa 1909 Serikali ilianza kuwagawia wakulima mbegu hiyo.

6. Tabia za Marquis

Tuone sasa ngano hii inavyofanana.

Mmea. Bua lake si refu sana, nalo lina nguvu. Upepo ukivuma, ngano yenye bua refu na dhaifu inalala chini, inaoza, na mashini ya kuvuna haiwezi kuikata vizuri. Marquis inasimama.

Suke. Halina ndevu ndefu kama ngano nyingine. Lina vindevu vifupi tu kwenye ncha. Likikauka, maganda yake ni meupe ya manjano. Punje zake si rahisi kupukutika, hata mkulima akichelewa siku chache kuvuna.

Punje. Ni fupi, nene, nyekundu na ngumu. Ukiivunja kwa jino, ndani inang'aa kidogo kama kioo. Punje ngumu ni alama ya gluteni nyingi.

Kukomaa. Inaitangulia Red Fife kwa juma moja hivi, na mara nyingine siku 10. Juma moja ni kitu gani? Kwetu si neno kubwa. Kwa mkulima wa Saskatchewan ilikuwa tofauti kati ya ghala lililojaa na ghala tupu.

Mavuno. Ngano nyingine zinazowahi zinatoa mavuno machache. Marquis ilitoa mavuno mengi kuliko Red Fife yenyewe.

Mwaka wa 1911 kulikuwa na mashindano katika mji wa New York, Marekani. Mkulima wa Rosthern, jimbo la Saskatchewan, jina lake Seager Wheeler, alileta ngano ya Marquis. Akapata tuzo ya kwanza, dola 1000 za dhahabu. Habari zikaenea. Ilipofika mwaka wa 1920, kati ya mashamba 100 ya ngano katika Kanada magharibi, karibu 90 yalikuwa ya Marquis. Wakulima wa Marekani, upande wa kaskazini, nao waliipanda sana.

7. Namna ya kuilima

Mbegu nzuri haifanyi kazi peke yake; inataka mkulima anayejua kazi.

Kwanza, ardhi. Katika nchi ile mvua ni kidogo. Mwaka wa 1885 kulikuwa na vita huko, na farasi wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Mkulima mmoja wa Indian Head, jina lake Angus MacKay, aliacha sehemu ya ardhi yake iliyolimwa bila kupandwa. Mwaka uliofuata jua lilikausha mashamba ya jirani. Kumbe, shamba la MacKay lililopumzika lilizaa vizuri, kwa sababu lilikuwa limehifadhi maji ya mwaka wa nyuma! Basi, watu wakajifunza kupumzisha ardhi mwaka mmoja, huku wakiondoa magugu. Baadaye MacKay mwenyewe alifanywa mkubwa wa shamba la kujaribia la Indian Head.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na hatari yake. Ardhi iliyo wazi, isiyo na majani, inachukuliwa na upepo. Katika miaka ya 1930 ukame ulikuja, na vumbi la mashamba lilipaa mpaka likafunika jua. Kwa hiyo siku hizi wakulima wengi wa huko hawalimi kabla ya kupanda. Wanaacha mabua ya mavuno yaliyopita yafunike ardhi, na mashini inachoma mbegu kati yake. Mabua yanashika theluji na maji, upepo haupati vumbi la kubeba.

Pili, mbegu. Ichaguliwe nzito na safi, isiyochanganyika na mbegu ya magugu wala ya ngano nyingine. Marquis inashikwa upesi na ugonjwa wa fugwe, ambao unageuza punje kuwa vumbi jeusi lenye harufu ya samaki walioharibika. Mbegu za ugonjwa huo zinashikamana na punje. Kwa hiyo mbegu ilitiwa dawa kabla ya kupandwa. Zamani walitumia formalini.

Tatu, kupanda. Inapandwa mapema, mara ardhi inapoweza kuingiwa, tangu mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei. Inapandwa kwa mistari, kina cha sentimeta 5 hivi, ili mbegu ifikie udongo wenye maji. Hektari moja inataka kilo 100 hivi za mbegu.

Nne, kukua. Mbegu inaota, kisha inazaa machipukizi kadha katika shina moja. Baadaye bua linapanda juu, suke linatokea, maua yanafunguka. Punje inajaa maziwa kwanza, halafu inakuwa laini kama unga uliokandwa, mwisho inakuwa ngumu, na shamba linageuka rangi ya dhahabu.

Tano, kuvuna. Zamani mashini ya kukokotwa na farasi ilikata na kufunga miganda. Watu waliisimamisha miganda ikauke, kisha wakaipura kwa mashini ya moshi. Siku hizi mashini moja inakata na kupura kwa mara moja. Punje lazima ziwe kavu kabla ya kuingia ghalani. Zikiwa na unyevu zinapata joto na kuoza.

8. Adui mwingine

Marquis iliikimbia jalidi. Lakini haikuweza kuukimbia ugonjwa wa kutu.

Kutu ya ngano ni kuvu, jamaa ya uyoga, lakini ndogo mno. Inaingia katika bua na kunyonya chakula cha mmea. Juu ya bua vinatokea vidonda vya rangi ya kutu ya chuma. Ndani ya kila kidonda mna vumbi. Kila chembe ya vumbi ni mbegu ya ugonjwa. Upepo unaichukua mbali sana. Huko Amerika inatoka kusini, inafuata ngano inavyokomaa, mpaka inafika Kanada. Mmea ulioshikwa unanyauka, na punje zake zinakuwa kama ngozi tupu.

Mwaka wa 1916 hewa ilikuwa ya joto na unyevu, na kutu ilienea. Karibu mashamba yote yalikuwa ya ngano ileile, ya Marquis. Kutu iliyoweza kushika shamba moja iliweza kushika yote. Katika Kanada magharibi peke yake hasara ilikuwa karibu busheli milioni 100, na busheli moja ya ngano ni zaidi ya kilo 27. Nyumba zilizosifu Marquis jana zililia leo.

Je, walimwacha Saunders na mbegu yake? Hapana. Walifanya kama yeye alivyofanya. Mwaka wa 1925 nyumba ya kuchunguza kutu ilifunguliwa katika mji wa Winnipeg. Huko Minnesota, Marekani, watu wenye elimu waliunganisha Marquis na ngano zenye kuivumilia kutu. Katika watoto na wajukuu wake walipata moja walioiita Thatcher, na wakulima walianza kuipata katika miaka ya 1934 na 1935. Thatcher ikachukua mahali pa Marquis. Bibi alitoka shambani, mjukuu akaingia.

Leo wakulima wakubwa hawapandi Marquis tena. Lakini damu yake imo katika ngano nyingi za Kanada na Marekani. Na kwa miaka mingi sana, ngano mpya ilipotokea Kanada, swali la kwanza lilikuwa: «Unga wake unalingana na wa Marquis?» Charles Saunders mwenyewe alipewa heshima na mfalme wa Uingereza mwaka wa 1934. Alikufa mwaka wa 1937.

9. Na sisi?

Vita na kutu haijakwisha. Mwaka wa 1998 namna mpya ya kutu ilionekana katika Uganda, jirani yetu. Iliweza kushika ngano nyingi ambazo zamani ziliivumilia. Ikaingia Kenya na Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemen na Irani. Wataalamu wa nchi nyingi wanapeleka ngano zao Njoro, huko Kenya, zijaribiwe mahali ambapo ugonjwa wenyewe upo. Basi, mbegu iliyo nzuri leo inaweza kushindwa kesho, na kazi ya kutafuta haikomi.

Katika Kongo kazi hiyo iko pia. Wataalamu wa INERA, kama wale wa Mulungu karibu na Bukavu, wanajaribu maharagwe na mihogo ili kupata zinazozaa vizuri na kuvumilia magonjwa. Lakini mtu asingoje wataalamu tu. Wazazi wetu wengi wanakula mahindi makubwa, wanauza ya kati, na kupanda yaliyobaki. Hiyo ni kupanda unyonge. Mavuno yanapokaribia, pita shambani mimea ikiwa bado imesimama. Tafuta mashina mazima yasiyo na ugonjwa, yaliyosimama imara, yenye mahindi mazuri. Yatie alama ya kamba. Mahindi ya mashina hayo yasiliwe. Yakaushwe, yawekwe peke yake.

Tena mkumbuke tofauti hii: ngano inajizalisha yenyewe, lakini chavua ya muhindi inachukuliwa na upepo mpaka kwa jirani. Kwa hiyo msichague mbegu ya muhindi ukingoni mwa shamba, karibu na shamba la mtu mwingine. Chagueni katikati, na msichague shina moja tu bali mashina mengi, maana muhindi ukizaliana ndani ya jamaa moja unadhoofika.

Na shamba zima lisiwe la mbegu ya namna moja. Mwaka wa 1916 ulifundisha jambo hilo kwa bei kali.

Haba na haba hujaza kibaba. Mimea 12 ilijaza maghala ya nchi nzima, kwa sababu mtu mmoja alikubali kutazama kila suke peke yake.

Maneno

jalidi: umande ulioganda kwa baridi
suke: kichwa cha ngano chenye punje
chavua: vumbi la ua linalozalisha
kupura: kupiga masuke ili punje zitoke
muganda: fungu la mabua yaliyofungwa pamoja
kuvu: kitu chenye uhai, cha jamaa ya uyoga, kinachomea juu ya vingine

Maswali

1. Kwa nini ngano ya kupandwa kabla ya baridi haikufaa katika nchi ya Saskatchewan?
2. Red Fife ilikuwa na wema gani? Ilikuwa na kasoro gani?
3. Eleza jinsi watu wanavyounganisha ngano mbili.
4. Kwa nini Charles Saunders alitafuna punje? Gluteni inafanya kazi gani katika mkate?
5. Taja tabia tatu za Marquis.
6. Kwa nini shamba la MacKay lilizaa wakati mashamba ya jirani yalikauka? Ardhi iliyo wazi inapata hatari gani?
7. Kwa nini hasara ya mwaka wa 1916 ilikuwa kubwa hivyo?
8. Kazi: Pamoja na mzazi wako, tia alama mashina 20 mazuri ya muhindi katikati ya shamba lenu. Andika katika daftari sababu za kuchagua kila shina.